Panya wa Chumbe Waliisha, wa Umoja Mbona Hawaishi?

Msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameandika kuuliza. Amesikia redioni kwamba kuna visiwa vilivyosafishwa panya wote, asibaki hata mmoja, ili ndege wa baharini wapate kutaga. Yeye na majirani zake hununua dawa kila mara, ya unga na ya vidonge, na bado usiku panya wanakimbizana juu ya dari. "Hao wa visiwani," anauliza, "wana dawa gani kali kiasi hicho ambayo sisi hatuuziwi?"

Dawa yao haina ukali anaoudhania. Inachelewa kufanya kazi, na kuchelewa huko ndiko kumefanikisha shughuli nzima.

Kisa kilicho karibu nasi ni cha Chumbe, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilomita kama 12 kutoka mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi, msitu wake pamoja na miamba yake ya baharini. Mwaka huo huo mamia ya jozi za buabua walitaga pale. Hawa ni wale buabua ambao kifua chao huingia wekundu wa mbali wakati wa kuzaa, na kwa hiyo nawaita buabua waridi. Hapa Kenya hutaga kwenye visiwa vya Kiunga, kule Kisite, na kwenye kile kisiwa cha mawe mbele ya hori la Mida, Watamu. Hawajengi kiota cha maana. Yai moja au mawili huwekwa juu ya jiwe tupu, basi. Ulinzi wao wote ni kuchagua mahali ambapo mnyama wa miguu minne hajafika, na Chumbe alikuwa amefika. Panya na kunguru wakala mayai na makinda. Mwaka 1997 panya wa kisiwa hicho wakaondolewa.

Panya huyo ni yule mweusi mwenye mkia mrefu, mpanda dari, mzaliwa wa Asia aliyeabiri vyombo vya biashara. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu kwenye matabaka ya karne ya 7 na ya 8, kwa hiyo ni mkazi wa pwani yetu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Leo visiwa vingi vya dunia vinaye, yeye au binamu yake wa kahawia anayependa mitaro.

Na hasara yake haiishii kwa ndege. Katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, watafiti walilinganisha visiwa sita vyenye panya na sita visivyo na panya. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Pasipo panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760, na nitrojeni iliyoingia ardhini kutoka kwenye mavi yao ilikuwa mara 251. Mvua na mawimbi huibeba rutuba hiyo hadi kwenye miamba, na uzito wa samaki waliokuwapo hapo ulizidi kwa asilimia 48. Mvuvi anayelalamika kwamba mwamba wake umechoka ana haki ya kuuliza habari za panya wa kisiwa kilicho jirani.

Sasa turudi kwenye dawa.

Wakazi wa Eastlands wanamjua mchuuzi wa dawa ya panya. Anapita Kayole, Donholm, Jericho, spika mkononi, sauti iliyorekodiwa ikirudia panya, mende, kunguni, viroboto. Sifa kuu ya dawa nyingi za namna hiyo, zile za pakiti ndogo isiyo na lebo, ni kwamba panya "anakufa hapo hapo". Ndiyo kasoro yake. Panya hawezi kutapika. Umbo la tumbo lake na mishipa yake ya fahamu havimruhusu. Kwa sababu hiyo amekuwa mwonjaji mwangalifu ajabu. Akikuta chakula kigeni, kwanza hukiacha. Akirudi, hudokoa kidogo tu na kusubiri. Tumbo likimsumbua baada ya saa moja, au hata saa kadhaa, hukumbuka ile ladha na hatakigusa tena. Dawa kama zinki fosfaidi, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya sumu, humuua haraka aliyekula ya kutosha. Aliyedokoa humfundisha. Wataalamu wana jina la tabia hii, na Kiswahili chake nilijaribu kwanza "woga wa chambo", nikakiacha, kwa maana panya huyu haogopi: anapita pembeni mwa chambo kila usiku na kula ugali ulio kando yake. Nasema amesusia chambo.

Watu wengi huamini kwamba panya mgonjwa huwaonya wenzake. Majaribio ya maabara yanasema vingine. Panya hunusa pumzi ya mwenzake na kujua alichokula, kisha naye hukipenda chakula hicho zaidi, hata mwenzake akiwa mgonjwa! Funzo la kususia analipata kwa tumbo lake mwenyewe. Kwa hiyo ukipata sumu isiyoumiza tumbo, inayoanza kazi baada ya siku kadhaa, panya hana njia ya kuunganisha kifo chake na chakula cha Jumatatu. Tena pumzi yake itakuwa imekitangazia chambo chako soko.

Sumu hiyo ipo, na chanzo chake ni malisho yaliyooza. Mwaka 1933, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mkulima mmoja alimfikishia mwanakemia Karl Paul Link ndama aliyekufa na debe la maziwa lililojaa damu. Damu ile ilikataa kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wamelishwa nyasi za jamii ya klova zilizoota ukungu. Ilichukua miaka kadhaa maabara ya Link kuitenga kemikali iliyohusika, na kutoka katika ukoo wake ikatengenezwa warfarini, iliyoingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948. Ni warfarini ile ile wanayomeza wagonjwa wenye vali bandia za moyo, kwa vipimo vya daktari. Visiwani hutumika zaidi mdogo wake aliye hodari kuliko yeye, brodifakumu.

Inavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa soda ya chupa ya kioo. Dukani, kabla ya kuulizwa pesa, unaulizwa: "Umekuja na chupa?" Chupa ni chache na zote zinazunguka. Unakunywa, unarudisha tupu, mwenye duka anaipanga kwenye kreti, lori linaipeleka depo kujazwa, kesho inarudi. Mwilini, chupa hiyo ni vitamini K. Iko kidogo mno, hivyo mwili hauwezi kuitumia mara moja na kuitupa. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu, na kila moja, kabla ya kuruhusiwa kwenda kazini kwenye mishipa, lazima inywe soda yake, yaani ipachikwe kipande cha kemikali kinachoiwezesha kushika kalisiamu na kunata pale mshipa ulipopasuka. Ikishakunywa, chupa inabaki tupu. Ndani ya ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzijaza upya chupa hizo, moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Hicho ndicho depo.

Brodifakumu haimwagi soda wala haivunji chupa. Inakwenda kukaa langoni mwa depo. Malori yanafika na kreti za chupa tupu, yanapanga foleni, hayaingii. Siku ya kwanza mtaani hakuna ajuaye kwamba kuna tatizo, kwa sababu maduka bado yana soda ya jana: protini zilizokwisha kunywa ziko kwenye damu na zinafanya kazi. Lakini haziishi milele. Za aina moja huchakaa kwa saa chache, nyingine hudumu siku mbili tatu. Duka la kwanza linaishiwa, halafu la pili, huku foleni ya malori ikirefuka. Na hapo ndipo uzuri wa mpango huu unapoonekana. Kila siku, katika kuruka na kujikuna, mwili wowote hupasua vimishipa visivyo na hesabu, na kila siku huzibwa bila mwenyewe kujua. Depo ikifungwa, haviongezeki. Vinaacha tu kuzibwa. Panya hufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, akiwa bado anakiamini kile chambo.

Warfarini nayo hukaa langoni, ila baada ya muda huondoka, ndiyo maana panya lazima aile siku kadhaa mfululizo. Brodifakumu hung'ang'ania ini kwa miezi, na gramu mbili tatu za chambo chake zinatosha kwa panya mzima. Mtoto akiila kwa bahati mbaya, hospitali humpa vitamini K kwa wingi, na matibabu huweza kuendelea kwa wiki nyingi: kreti zilizojaa zinaletwa kutoka nje kila siku mpaka aliyeziba lango aondoke. Mwewe, bundi au paka akila panya aliyekufa kwa dawa hii anaweza kudhurika, kwa hiyo mizoga huokotwa na kufukiwa.

Chumbe pia ni makao ya kaa wa minazi, yule mkubwa kupindukia mwenye gando la kupasulia nazi. Kisiwani, kaa wa namna hii hupora chambo kilichokusudiwa panya, na hakimuui, kwa kuwa damu yake huganda kwa kemia nyingine kabisa. Hana depo ya kufungwa. Kinachobaki ni kuweka chambo cha kutosha yeye na panya.

Baada ya hapo kazi ni ya hesabu. Kisiwa hugawanywa viwanja vidogo kuliko eneo analotembea panya mmoja, kila kiwanja kikawekewa chambo, pasiachwe pengo. Kwa nini pasiachwe? Jike mwenye mimba huzaa baada ya wiki tatu, watoto sita, wanane, na miezi michache baadaye hao nao wanazaa. Ukiua asilimia 99 umewapa waliobaki chakula chote na nafasi yote. Na panya mmoja peke yake ni kazi nzito. New Zealand, watafiti walimfunga panya dume kifaa cha redio na kumwachia kwenye kisiwa kisicho na panya waone itachukua muda gani kumkamata. Aliwakwepa, kisha akaogelea mita 400 za bahari hadi kisiwa cha pili. Alinaswa baada ya wiki 18, mtegoni, kwa nyama mbichi ya pengwini.

Basi msomaji wangu wa Umoja ajibiwe waziwazi. Dawa za visiwani zipo Nairobi; zenye lebo na usajili wa PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu na panya, zinauzwa madukani. Asichokuwa nacho ni bahari. Ploti yake ikisafishwa Ijumaa, panya wa ploti ya pili wanahamia Jumapili kupitia mtaro na nyaya za umeme. Sifuri haiwezekani Umoja, na anayemwahidi sifuri anamdanganya. Kupungua kunawezekana sana, kwa masharti.

Korti nzima ya nyumba iweke siku moja, keateka wote wakubaliane, kuliko kila mlango kununua pakiti yake kwa wakati wake. Magunia ya taka yaondolewe kwanza, kwa sababu panya mwenye maganda ya ndizi na mabaki ya ugali hana haja na chambo cha mtu yeyote. Matundu ya mabomba na ya dari yazibwe kwa simenti na waya, si kwa karatasi. Chambo kiwe cha aina ya polepole, ndani ya visanduku vinavyofungwa, watoto na mbwa wasikifikie, kandokando ya kuta ambako panya hupita. Kisiposogelewa usiku wa kwanza, wasikihamishe, maana kila kikihamishwa kinakuwa kitu kigeni upya. Kikianza kuliwa, wakijaze kila kinapopungua kwa wiki mbili hivi, hata kama siku tatu za mwanzo hakuna mzoga wowote ulioonekana.