Dawa ya Unyanyapaa Ipo Bwenini

"Huyu katoroka Mirembe!" Darasa zima linaangua kicheko. Kwa aliyesema, ni utani tu. Lakini katika darasa hilohilo huenda yupo ambaye wiki ya tatu sasa halali vizuri, chakula hakipiti, na daftari analifungua bila kuelewa kitu. Akiwasikia wenzake wanavyocheka, ataona heri anyamaze.

Hospitali ya Mirembe, iliyopo Dodoma, inatibu maradhi ya akili tangu 1927. Jina la hospitali likishakuwa tusi, mgonjwa huiogopa tiba kuliko ugonjwa wenyewe, na huenda akafika kwa daktari hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 45, hao ni kama sita.

Ili kupunguza unyanyapaa huu, baadhi ya shule hubandika mabango na kumwalika mgeni atoe hotuba. Elimu hiyo inahitajika, maana bado sonona huitwa uvivu, na anayesikia sauti huambiwa ana mapepo. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu la Lancet, iliyotoa ripoti yake 2022, ilihitimisha kuwa kinachopunguza unyanyapaa zaidi ni ukaribu: kukutana na mtu aliyewahi kuugua na kuzungumza naye kama mwenzako. Wengi wetu tukisikia "ugonjwa wa akili" tunamfikiria mwokota makopo barabarani. Ukimsikiliza aliyetibiwa, akarudi shule na kufaulu, picha hiyo inakosa mashiko.

Hapo wanafunzi wana nafasi ambayo daktari hana. Nchini Kenya, taasisi ya Shamiri, ambayo Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi. Katika vikao vinne huzungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini maishani. Hakuna anayebandikwa jina la ugonjwa. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021 katika JAMA Psychiatry ulionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea.

Bwenini, kazi huanza na maneno. Badala ya "acha mawazo, wewe sali tu," mwambie: "Naona siku hizi huli. Kuna nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Sala ina nafasi yake, na haizuii tiba. Usimpe jina la ugonjwa, hiyo si kazi yako. Mwambie, "Twende wote kwa mwalimu wa malezi," na umsindikize kweli. Klabu ya shule ikimwalika aliyepona, awe amekubali kwa hiari. Mwanafunzi asilazimishwe kusimulia yake mbele ya wenzake.

Siri ya rafiki itunzwe, isipokuwa akizungumzia kutaka kufa. Hapo usimwache peke yake, na umwarifu mtu mzima mnayemwamini saa hiyohiyo. Anahitaji msaada, si adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha sheria kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha katiba.

Kwa serikali za wanafunzi nina maombi mawili. Katika shule ambako anayetoa ushauri ndiye pia mwalimu wa nidhamu, ombeni kazi hizo zitenganishwe, maana anayeitwa ofisini kwake hudhaniwa ana kosa. Kisha viranja watangulie kwenda kwa mshauri, tena mchana kweupe, hata kwa jambo dogo kama hofu ya mtihani. Ikizoeleka, mwenye tatizo kubwa naye ataingia bila kunong'onwa.