Walioskani, Waliofika, Walionunua: Hesabu Tatu za Tangazo la QR

Tarehe 13 Februari 2022, wakati mamilioni ya Wamarekani walipokuwa wamekaa mbele ya televisheni zao wakitazama fainali ya Super Bowl, kampuni ya Coinbase, inayofanya biashara ya sarafu za kidijitali, ilinunua nafasi ya sekunde 60 ya matangazo, na badala ya kuijaza kwa nyimbo na nyuso mashuhuri ikaonyesha mraba mmoja tu wa QR, ukielea juu ya kioo cheusi na kubadilika rangi kila ulipogonga ukingo. Watu wakainua simu zao kwa pamoja. Kampuni ilieleza baadaye kwamba ukurasa wake ulifikiwa zaidi ya mara milioni 20 katika dakika moja, hata tovuti ikaelemewa na kusimama kwa muda. Habari hii husimuliwa aghalabu kama ushindi wa tangazo, nami sikatai kwamba umati ule ulikuwa wa ajabu. Lakini mwenye kujali hesabu atauliza ni wangapi kati ya walioelekeza kamera waliofunguliwa ukurasa, na kati ya hao, ni wangapi waliojiandikisha. Hizi ni hesabu mbalimbali, na anayezichanganya hujidanganya mwenyewe kabla hajadanganywa na mtu.

Yapasa kwanza ifahamike kwamba mraba wenyewe ni bubu. Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave ya Japani walipoubuni mwaka 1994, muradi wao ulikuwa kufuatilia vipuri vya magari viwandani, kwa hiyo waliutengeneza uweze kubeba hadi tarakimu 7,089 na kusomeka hata sehemu yake ikichafuka au kuchanika. Hawakuutia uwezo wa kukumbuka umesomwa na nani, wala wapi, wala lini. Kamera husoma anwani iliyomo, huikabidhi kwa kivinjari, na kivinjari huifungua, basi. Tovuti inayompokea mgeni huyo haiambiwi kwamba ametoka kwenye karatasi, na chombo cha takwimu kama Google Analytics, kwa kukosa dalili ya alikotoka, humtia katika kundi la waliokuja moja kwa moja, pamoja na wale walioandika anwani kwa vidole vyao.

Dawa yake ni kuifunga anwani kwa alama za utambulisho kabla mraba haujapigwa chapa. Alama hizo, ambazo hadi leo huanza kwa herufi utm, ni urithi wa programu ya Urchin, iliyonunuliwa na Google mwaka 2005 na kuzaa Google Analytics mwaka huo huo. Tuchukue mathalan duka la kanga la Kariakoo linalotaka kutangaza mzigo mpya wa Idi kwa njia tatu: stika ndani ya daladala za Mbagala, bango pale Mwenge, na mraba mdogo chini ya risiti. Wengi hutengeneza mraba mmoja na kuubandika kote, na hapo ndipo kampeni inapopotea, kwa kuwa baada ya kuchapa hakuna chombo duniani kitakachowatenganisha wa bango na wa daladala. Ipasavyo ni miraba mitatu: anwani ya kwanza iishie kwa utm_source=daladala&utm_medium=qr&utm_campaign=idi, katika ya pili neno daladala liwe bango, na katika ya tatu liwe risiti. Herufi nazo zataka hadhari, kwani chombo huhesabu Daladala na daladala kuwa vitu viwili, na aliyeandika ovyo ataishia na orodha ya majina yasiyojumlishika.

Alama hizo huirefusha anwani, na anwani ikirefuka vijiraba hukithiri na kuwa vidogo, hata abiria aliyesimama katika daladala inayoyumba asiweze kuskani. Kwa minajili hiyo hutumiwa kiungo kifupi kinachompokea mgeni na kumwelekeza kwenye anwani ndefu; na kiungo hicho kina fadhila nyingine, kwamba mwenye duka aweza kubadilisha ukurasa wa mwisho bila kuchapa stika upya, tena kila apitaye huhesabiwa mlangoni. Ila uelekezaji huo uwe wa muda, ule mafundi wanaouita 302, usiwe wa kudumu wa 301, maana ule wa kudumu kivinjari huweza kuuhifadhi, na mtu yule yule akiskani tena hapitishwi mlangoni abadan.

Sasa mwenye duka anazo hesabu mbili, na aghalabu hazilingani. Hesabu ya mlango huandikwa na seva mara mtu anapogonga. Hesabu ya Google Analytics huandikwa na programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, ambayo haifanyi kazi mpaka ukurasa ufunguke. Tuseme mlango umeandika 400 wa daladala na ukurasa umeandika 150. Wapo watakaodhani chombo kimeharibika. Mimi naona pengo hilo ndilo lenye ilimu kuliko tarakimu yoyote katika ripoti. Ni kweli kwamba roboti hukagua viungo bila kununua kitu, na kwamba baadhi ya vivinjari huzuia ufuatiliaji, lakini mambo hayo huwagusa wa risiti sawasawa na wa daladala; ikiwa basi pengo la risiti, inayosomwa na mtu aliyetulia nyumbani, ni dogo, ilhali la daladala ni kubwa, yakini kosa li katika ukurasa wenye picha nzito, ambao abiria ameusubiri kwa mtandao dhaifu hadi kituo chake kikafika akashuka. Apunguze picha, kisha atazame pengo tena.

Aliyefika naye si mnunuzi bado. Toleo la sasa la Google Analytics huhesabu ziara kuwa ya maana ikiwa mgeni amekaa zaidi ya sekunde 10, au amefungua kurasa mbili, au ametenda tukio muhimu lililoteuliwa na mwenye tovuti. Na kwa duka letu, ambalo mauzo yake hufungwa kwa maongezi, tukio hilo ni kubonyeza kitufe cha WhatsApp. Baada ya hapo chombo hakioni kitu tena. Lakini kiungo cha WhatsApp huruhusu ujumbe uandikwe tayari, hivyo mteja aliyetoka kwenye stika huikuta simu yake imekwisha andika, "Nimeona kanga zenu kwenye daladala," akabaki kutuma tu, na muuzaji akaandika katika daftari lake nani alitoka wapi na alinunua nini. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kuunganisha karatasi na fedha.

Mahali alipo mgeni pasitafutwe katika ramani ya ripoti, kwa sababu simu hupita katika mitambo ya kampuni za mawasiliano, na mtu wa Morogoro aweza kuonekana yuko Dar es Salaam. Mraba wa kila mahali ndio shahidi wa kuaminika zaidi. Wala asithubutu mtu kutia jina au namba ya simu ya mteja ndani ya kiungo, jambo ambalo Google yenyewe imelikataza, na ambalo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mintarafu yake, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019.

Siku akaunti inapofunguliwa, kabla stika ya kwanza haijabandikwa, mwenye duka aingie katika mipangilio aangalie muda wa kuhifadhi data, ambao kwa kawaida umewekwa kuwa miezi 2, auongeze uwe 14. Vinginevyo, atakapotaka kuulinganisha uchunguzi wake wa kina wa Idi hii na ule wa Idi iliyopita, atakuta taarifa za mwaka jana zimekwisha futwa, na zilizofutwa hazirejeshwi.