Karata Nzuri Bado Si Ushindi

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja alibisha mlango wa afisi yangu, akaingia ameinamisha kichwa. Karo aliyotumiwa na mzazi wake ilikuwa imeliwa katika mchezo wa poka. Kauli yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mwalimu, nilikuwa na karata nzuri kuliko wote."

Nilimsadiki. Hapo ndipo kosa lake lilipojificha.

Lugha yetu iliyapata maneno kopa, uru, shupaza na turufu kutoka kwa Wareno. Lakini poka haina turufu. Katika poka ya Texas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha tano huwekwa wazi mezani: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya mwisho. Mwenye ubora wa leo aweza kuwa mnyonge wa dakika ijayo.

Kijana wangu alishika ree mbili, ya shupaza na ya uru. Mezani palikuwa na tisa ya kopa, tano ya kopa na mbili ya shupaza. Mpinzani wake alishika kopa mbili, akawa anangoja ya tano, kwani kopa tano huzishinda ree mbili. Kati ya karata 45 ambazo wawili hao hawakuwa wameziona, kopa zilikuwa 9. Nafasi ya kuipata mara moja ni moja kwa tano.

Kitita cha mezani kilikuwa shilingi 1,000. Kijana, akitaka kumvuta mwenzake, aliweka dau la shilingi 100 tu. Tufanye hesabu, tukiyaacha kando madau ya baadaye. Katika majaribio matano, anayengoja hupoteza 100 mara nne, yaani 400, na hupata 1,100 mara moja. Amefaidi 700! Lau dau lingekuwa 500, angepoteza 2,000 ili apate 1,500. Na karata ya nne ikipita bila kopa, sharti atozwe tena, maana akiachwa azione karata zote mbili, nafasi yake hufika takriban 36 kwa 100. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana alimwinulia mwenzake kitanda.

Karata ya nne ikawa kopa. Mpinzani akaweka dau kubwa. Wakati wa kuzitupa zile ree ulikuwa umewadia, lakini nani huitupa karata aliyoipenda? Akalipa, akalipa tena, hadi karo ikaisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Walimu wenzangu, mfano huu wafaa kufundishia uwezekano darasani, mradi tusiukatize njiani. Hata angeweka dau lililo sawa, kopa ingalitokea mara moja kwa tano. Hesabu humfaa achezaye mara elfu kwa fedha asizozihitaji. Haimlindi mwenye karo moja na usiku mmoja.

Nilipomweleza hayo, aliitikia kwa kichwa, akaniuliza angefanyaje iwapo angezipata ree mbili tena. Nikamwuliza kama amekwisha kumwambia mzazi wake. Akanyamaza.