Klachi ya Trekta Kuukuu: Itengeneze Bila Kuumia

Mkulima wa skimu, trekta yako ikinguruma kwa nguvu hali plau imesimama udongoni, jua kwamba klachi imeanza kuteleza. Ubovu huu hupenda kutokea wakati trekta inapotakiwa zaidi, yaani kabla ya mvua ndefu, kila mtu anapotaka shamba lake lilimwe kwanza. Hapo ndipo watu hufanya haraka, na haraka katika kazi hii imewaumiza wengi.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kuutambua ubovu wa klachi, kazi ambayo mkulima aweza kuifanya mwenyewe, na kazi ambayo yafaa imngoje fundi. Klachi mpya hununuliwa dukani. Mguu mpya hauuzwi, wala mapafu.

TREKTA ZETU ZA ZAMANI

Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka wa 1962, mashamba makubwa ya Wazungu upande wa Sotik yalinunuliwa na kugawiwa wakulima. Ndivyo zilivyoanza skimu za Borabu, kama vile Nyansiongo, Lietego, Mwongori na Isoge, ambazo leo zimo katika Kaunti ya Nyamira.

Trekta zilizojulikana sana katika Kenya miaka ile ni Ferguson TE20 ya kijivu, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1946 hadi 1956, kisha Massey Ferguson 35, na baada yake Massey Ferguson 135 iliyotoka mwishoni mwa 1964. Ziko ambazo zingali zikilima na kuvuta trela hata sasa, kwa kuwa maungo yake ni sahili na mafundi wengi wanazijua. Lakini trekta kuukuu yataka mtu mwangalifu.

KAZI YA KLACHI

Klachi imekaa kati ya injini na giaboksi. Ni sahani iliyovikwa bitana ngumu pande zote mbili. Springi zenye nguvu huibana sahani hiyo kwenye flaiwili ya injini, na nguvu ya injini hupita kwenda magurudumuni. Ukikanyaga, springi hurudi nyuma, sahani hulegea, na nguvu hukatika.

Trekta nyingi za Massey Ferguson 35 na 135 zina klachi mbili ndani ya moja. Ukikanyaga nusu, magurudumu husimama lakini mashine iliyofungwa nyuma huendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi mwisho, hiyo nayo husimama. Basi usidhani kwamba trekta ikisimama, mashine ya kukata majani nayo imesimama. Mfundishe hivyo kila mtu anayeiendesha trekta yako.

DALILI ZA UBOVU

Dalili ni za namna mbili, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni kuteleza. Injini yaongeza mbio lakini trekta haiongezi, hasa inapopanda kilima na trela la majani chai au la mawe. Harufu ya kuungua hutoka chini.

Ya pili ni kutoachia. Umekanyaga hadi mwisho, lakini gia zalia na kukataa kuingia, au trekta yasogea mbele ingawa umeikanyaga. Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu trekta isiyosimama unapotaka isimame yaweza kumbana mtu ukutani au kumkanyaga mtoto uani. Ikiwa trekta yako yafanya hivyo, isifanye kazi tena mpaka itengenezwe.

ANZA NA KANYAGIO

Kabla ya kufungua nati hata moja, tazama kanyagio. Likanyage kwa mkono. Yafaa lishuke kidogo kwa wepesi kabla ya kukutana na uzito wa springi. Nafasi hiyo nyepesi ni lazima iwepo. Bitana inapolika, nafasi hupungua. Ikiisha kabisa, beringi ya klachi hubaki ikisukuma wakati wote, na klachi huteleza ingawa bitana bado ni nzima. Nafasi ikizidi, klachi haiachii vizuri.

Marekebisho hufanywa kwenye fimbo ya kanyagio, kwa spana tu. Kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha trekta yako. Usikibahatishe, na usichukue kipimo cha trekta ya jirani. Injini iwe imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa magogo. Sahani zimetupwa bure mara nyingi, kumbe dawa ilikuwa kuzungusha nati moja.

Mvua zetu za Kisii nazo huleta ubovu. Trekta ikilazwa wiki nyingi kwenye unyevu, sahani hushikana na flaiwili kwa kutu. Kinga yake ni rahisi: unapoiweka kwa muda mrefu, kanyaga klachi hadi mwisho na ulizuie kanyagio kwa kipande cha mti, na trekta ilale mahali pakavu.

KUITENGANISHA TREKTA

Ikiwa kanyagio limerekebishwa na klachi bado yateleza, hapana budi sahani itazamwe. Trekta hizi hazina chasisi kama lori. Injini, giaboksi na sehemu ya nyuma zimeungwa kwa bolti, na ndizo uti wa mgongo wake. Kwa hiyo, ili kuifikia klachi, ni lazima trekta ikatwe katikati iwe vipande viwili. Jumla yake ni zaidi ya tani moja, na kila kipande chaweza kuanguka.

Kazi hii twashauri isimamiwe na fundi aliyekwisha kuifanya. Ukiwa msaidizi, au ukiwa mwenye trekta, hakikisha mambo haya yametimizwa:

1. Mahali pawe tambarare na pagumu. Milima yetu ni mingi, basi tafuta sakafu ya saruji. Usikubali kazi hii ifanywe kwenye mteremko au kwenye matope.

2. Ondoa kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye mwili wa trekta, ili stata isije ikazunguka mkono wa mtu ukiwa ndani.

3. Zuia magurudumu ya nyuma mbele na nyuma.

4. Ekseli ya mbele huchezea kwenye pini ya katikati. Piga kabari za mti mgumu pande zote mbili, kati ya ekseli na kichwa kinachoishikilia. Bila kabari hizi, injini ikiachana na giaboksi hulala upande kama mlevi. Jambo hili husahauliwa sana.

5. Weka stendi madhubuti za chuma au magogo yaliyopangwa kwa kupishana, chini ya giaboksi na chini ya injini. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Usitumie matofali wala mawe. Hayo hupasuka ghafula, na yale mawe laini ya Tabaka yafaa kuchongwa vinyago tu.

6. Fungua waya, mabomba ya dizeli na fimbo za usukani kwa utaratibu, ukitia kila kitu alama. Bolti za kuunganisha ziwe za mwisho.

7. Unaposukuma kipande kimoja, watu wawe wachache, na mmoja tu atoe amri. Asiwepo mtoto karibu. Mkono usiingie kati ya vipande viwili vinaposogea.

VUMBI LA KLACHI

Hapa ndipo pana hatari isiyoonekana. Bitana za klachi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, na ugonjwa huo waweza kujitokeza baada ya miaka mingi, mtu akiwa amekwisha kuisahau siku ile ya kazi.

Kwa hiyo usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Usilifagie likiwa kavu. Liloweshe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa kitiwe katika mfuko, kifungwe na kufukiwa mbali na kisima. Vaa barakoa nzuri ya kuzuia vumbi. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Unaponunua sahani mpya, uliza ile isiyo na asbesto.

KUITAZAMA NA KUIRUDISHA

Kifuniko cha klachi kimebanwa na springi zenye nguvu. Bolti zake zilegezwe kidogo kidogo, kwa kupishana, zote kwa zamu. Ukifungua moja kabisa kabla ya nyingine, kifuniko hupinda. Kifuniko chenyewe kisifunguliwe nyumbani. Springi ikiruka yaweza kutoboa jicho. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukandamizia.

Tazama kama sahani ina mafuta. Ikiwa yanateleza juu yake, sili ya injini au ya giaboksi imekufa. Usiweke sahani mpya kabla ya kubadili sili, maana hiyo nayo italoa na fedha zako zitapotea. Tazama kama flaiwili ina mikwaruzo au nyufa. Beringi ya klachi nayo ibadilishwe, kwa sababu kuitenganisha trekta mara ya pili kwa ajili ya beringi moja ni hasara. Usiioshe kwa petroli wala mafuta taa. Grisi yake imo ndani.

Nenda dukani na sahani kuukuu mkononi. Linganisha upana na hesabu ya meno ya katikati kabla ya kulipa.

Wakati wa kurudisha, sahani iwe katikati barabara, kwa chombo chake cha kuisawazishia. Vipande vikikataa kukutana, usivivute kwa nguvu ya bolti. Zungusha flaiwili polepole kwa mkono mpaka meno yaingiane. Nguvu ikitumika, sahani hupinda siku hiyo hiyo.

KUIWASHA NA KUITUNZA

Iwashe ukiwa umekaa kitini, gia zikiwa huru na breki imefungwa. Usiiwashe kamwe kwa kugusanisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini. Gia ikiwa imeingia, trekta itaondoka na gurudumu la nyuma litakupitia juu. Watu wengi duniani wamekufa hivyo.

Klachi hufa kwa tabia ya dereva kuliko kwa umri. Mguu usipumzike juu ya kanyagio. Usiishike trekta kwenye kilima kwa klachi, tumia breki. Usiteremke mlima klachi ikiwa imekanyagwa, kwa maana trela litakusukuma. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Usipakie kupita kiasi.

Ikiwa ninyi ni majirani watatu au wanne mnaotumia trekta moja, twashauri mkubaliane juu ya dereva mmoja, mwekeane fedha kidogo kila msimu kwa ajili ya vipuri, na mwitazame klachi mwezi mmoja kabla ya kulima. Vijana wenu wanaopenda chuma wapelekeni wakajifunze ufundi, kwa mfano katika Kisii National Polytechnic mjini Kisii. Skimu yenye fundi wake mwenyewe haitalala na njaa kwa sababu ya sahani moja ya klachi.