Malkia wa sisimizi

Malkia wa sisimizi ni jike anayetaga mayai katika koloni. Kwa kawaida hupandwa ujanani tu, akahifadhi manii mwilini kwa maisha yake yote. Malkia mmoja wa Lasius niger aliishi karibu miaka 29 akifugwa.

Utambuzi

Mkoani Tabora mvua huanza mnamo Novemba, na wadudu wenye mabawa hutoka ardhini. Kumbikumbi, ambao ni mchwa, wana vipapasio vilivyonyooka na mabawa manne yaliyo sawa. Malkia wa sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Akishapandwa huangusha mabawa, lakini makovu yake hubaki kwenye kifua kinene. Malkia wa siafu hana mabawa kamwe.

Ufugaji

Malkia huwekwa gizani katika neli ya kioo yenye maji yaliyozuiwa kwa pamba. Katika spishi nyingi hali chakula mpaka wafanyakazi wa kwanza watokee: hulisha lava kwa akiba ya mafuta na misuli ya mabawa. Baadaye koloni hupewa maji ya sukari na wadudu. Sisimizi wavunaji hupewa mbegu.

Uhifadhi

Mwezi Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu wanne faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa biashara haramu ya sisimizi. Wawili kati yao walikutwa na sisimizi 5,000 hivi, wakiwemo malkia wa Messor cephalotes, sisimizi mvunaji. Malkia anayechukuliwa porini hawezi tena kuanzisha koloni huko.