Matembezi Mepesi Katika Nchi ya Mapango

Askari amezoea kwenda kwa miguu, lakini aghalabu huenda kwa amri. Hutembea amebeba bunduki, mkoba na maji, macho yake yakichungua vichaka na masikio yake yakingoja neno la mkubwa wake. Ni wachache kati yetu waliowahi kuitembelea nchi yao pasipo mzigo wala haraka. Kwa sababu hiyo tunapenda kuwashauri ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, hasa wale waliopangiwa vituo vya mashariki ya Uganda, watumie siku moja au mbili za mapumziko kutembea katika miteremko ya Mlima Elgon.

Hatuzungumzii safari ya kupanda mpaka kilele cha Wagagai, chenye urefu wa meta 4,321, ambayo huchukua siku kadhaa na hutaka nguo nzito na wapagazi. Tunazungumzia matembezi ya saa mbili, tatu au nne, ambayo mtu aweza kuyafanya pamoja na mkewe na watoto wake, akarudi jioni mwenye njaa lakini asiye na uchovu mkubwa. Faida yake si afya ya mwili peke yake. Mapango na vijiji vya mlima ule vinamweleza askari habari ambayo haimo katika vitabu vya mafunzo, yaani jinsi wananchi walivyojilinda zamani, kabla ya kuwako jeshi na polisi wa kuwalinda.

MLIMA WENYE MATUNDU

Elgon ni volkeno iliyozimika zamani sana. Bagisu huuita Masaba, na katika mapokeo yao babu yao wa kwanza, Mundu, pamoja na mkewe Sera, walitoka katika tundu la mlima huo. Mtu akiyaona mapango yenyewe hashangai tena kwamba habari ya mwanzo wa kabila zima ilianzia ndani ya mwamba.

Mapango hayo yalitokea kwa njia iliyo rahisi kueleza. Volkeno ilipokuwa hai ilitupa majivu na mawe, vikagandamana kuwa mwamba laini, na juu yake ukaja mwamba mgumu. Maji yakaula mwamba laini kwa miaka mingi, ule mgumu ukabaki kama dari. Baadaye wanyama na watu wakaongeza kazi ya maji, kwa maana mwamba huo una chumvi. Katika upande wa Kenya, kwenye pango la Kitum, ndovu huingia gizani usiku na kuubomoa ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi hiyo. Katika upande wetu Wasabiny walichimba chumvi hiyo kwa ajili ya ng'ombe wao.

Mwaka 1883 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alifika katika miteremko ya kusini ya mlima huu akakuta watu wakikaa ndani ya mapango pamoja na ng'ombe wao na maghala ya nafaka. Hakuweza kuamini kwamba mashimo makubwa namna ile yametokea yenyewe, wala kwamba wenyeji aliowakuta wangeweza kuyachimba. Akadhani ni kazi ya taifa la kale lililostaarabika, labda Wamisri, waliokuja kutafuta mawe au madini ya thamani. Leo twajua kwamba hakuna Mmisri aliyehusika. Maji yalifanya kazi yake, ndovu wakafanya yao, na wenyeji wale aliowadharau wakafanya yao.

KUANZIA MBALE

Mtu aweza kuanza karibu na mji wa Mbale wenyewe. Safu ya Wanale huinuka juu ya mji kama ukuta, na kule juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa, kuna njia zinazofika kwenye pango la Khauka, ambako huonekana magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Ukisimama ukingoni mwa safu hiyo waona mji wote chini yako, na nyuma yake tambarare inayokwenda mpaka kwenye mabwawa ya Teso.

Chini ya mlima kuna vijiji viwili vinavyostahili kutembelewa. Cha kwanza ni Mutoto, ambako tohara ya Bagisu, iitwayo imbalu, hufunguliwa rasmi kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Polisi wengi wanakijua kiwanja hicho kwa sababu ya kazi ya kusimamia umati wa watu mwezi wa Agosti. Tunawashauri wakitembelee siku nyingine, wakati hakuna ngoma, wawaombe wazee wawaeleze maana ya yale waliyokuwa wakiyalinda.

Kijiji cha pili ni Nabugoye. Hapo habari ni ya askari mwenzetu wa zamani. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda aliyeongoza vita katika nchi za mashariki mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, akajenga ngome Budaka, kisha akaweka msingi wa mji wa Mbale. Waingereza walimtumia, halafu wakampunguzia madaraka. Mwaka 1919 aliifuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake, na hapo ndipo ilipoanza jumuiya ya Abayudaya. Alifariki mwaka 1928, na kaburi lake liko si mbali na sinagogi. Katika utawala wa Idi Amin dini hiyo ilipigwa marufuku. Wachache waliobaki waliishika kwa siri mpaka mwaka 1979. Ni kilima kidogo, na mtu hukizunguka kwa nusu saa, lakini habari zake hazimaliziki kwa nusu saa.

SIPI

Kutoka Mbale barabara ya Kapchorwa hupita Sironko na Muyembe, kisha huanza kupanda mlima kwa mizunguko mpaka Sipi. Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote kwa mtu asiyezoea milima. Mto Sipi huanguka mara tatu, na maporomoko ya chini, yaliyo marefu kuliko mengine, yana urefu wa karibu meta 100. Wenyeji husema jina hilo limetokana na mmea uitwao sep, unaofanana na mgomba, ambao huota kando ya mto na hutumiwa kama dawa ya homa na surua.

Njia ya kuyaona maporomoko yote matatu huchukua saa tatu au nne. Hupita katikati ya migomba na mashamba ya kahawa, nyuma ya nyumba za watu, penye mbuzi waliofungwa kamba na kahawa iliyoanikwa juani. Kahawa ndiyo uchumi wa mlima huu, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyosifika katika nchi nzima. Upande wa kaskazini, hewa inapokuwa safi, waiona nchi ya Karamoja imetandazwa chini kama mkeka.

Kando ya njia hiyo yako mapango. Baadhi ni kama vibanda vya mwamba tu; mengine huingia ndani sana. Tunaomba msomaji wetu asiyapite upesi. Asimame mlangoni, alitazame pango kwa jicho la kazi yake. Ataona kwamba mlango ni mmoja, nao watu wachache wenye mikuki waweza kuuziba. Ndani kuna nafasi ya ng'ombe, ukuta una chumvi ya kuwalisha, na maji hudondoka darini. Wavamizi walipotokea, mifugo iliingizwa ndani, pamoja na wanawake, watoto na wazee, na miti ikasimamishwa mlangoni kuwa boma. Lakini ataona pia udhaifu wake. Ngome hii haina mlango wa nyuma. Adui mwenye subira angeweza kukaa nje na kungoja, na moshi wa moto mmoja ungetosha kuleta msiba. Waliokimbilia humo walilijua hilo. Waliingia kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda.

MWAKA 1979

Mtu asidhani kwamba mambo hayo ni ya zama za mababu tu. Mwezi wa Aprili 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki za kisasa zikaingia mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Wasabiny waliokuwa wakilima na kuchunga katika tambarare ya Ngenge walivamiwa mara kwa mara. Wengi waliacha mashamba na malisho yao, wakapanda mlimani wakiwa wamepoteza mifugo yote.

Tusifiche maana ya habari hiyo. Silaha zile zilikuwa za jeshi. Zilinunuliwa kwa fedha za wananchi ili ziwalinde, na siku zilipokosa mlinzi ziliwarudia wananchi wale wale. Kazi ya kuzikusanya, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2001 na kutiliwa nguvu tena mwaka 2006, iligharimu maisha ya askari na ya raia. Kila askari anayepewa zamu ya kulinda ghala la silaha, akaiona ni zamu ya kuchosha isiyo na sifa, afadhali apande Sipi siku moja, asimame penye ukingo, aitazame ile tambarare.

KAPKWAI NA NYERO

Kwa anayetaka msitu, kituo cha Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Taifa na karibu na Sipi, kina njia za mzunguko za kilomita 3, 5 na 7. Ile ya kilomita 5 hufika kwenye maporomoko ya Chebonet, na ile ya kilomita 7 hupita pango la Kapkwai na msitu wa mianzi. Njia zimetengenezwa vizuri, na askari wa wanyamapori huwaongoza wageni baada ya ada kulipwa.

Kwa asiyetaka kupanda hata kidogo, kuna Nyero, kilomita chache kutoka mji wa Kumi, katika nchi ya Iteso. Hapa hakuna mlima, bali majabali makubwa yaliyosimama katika tambarare, na chini yake vivuli vya mawe ambamo watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro mingi ni miviringo iliyo mmoja ndani ya mwingine, na mingine hufanana na mitumbwi. Wataalamu waliiandika habari zake mara ya kwanza mwaka 1913, na huwataja wawindaji waliokaa nchi hiyo kabla Iteso hawajafika kuwa ndio wachoraji. Saa moja na nusu yatosha kuyaona makundi makuu. Rangi ile imestahimili mvua na jua kwa karne nyingi, lakini haiwezi kustahimili mkono wa mtu anayekwangua jina lake juu ya jiwe.

HATARI ZA KUJIHADHARI NAZO

Pango lenye popo wengi lisiingiwe. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulitokea katika wilaya ya Kween, upande wetu wa mlima, ukaua watu watatu wa familia moja. Wa kwanza alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango la popo. Ushujaa hausaidii kitu mbele ya ugonjwa huo. Mwongozaji akisema pango fulani haliingiwi, neno lake lichukuliwe kama amri.

Hatari ya pili ni mvua. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka usiku katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafukia nyumba na mamia ya watu. Askari waliopelekwa huko walifukua matope kwa majembe na mikono. Kwa hiyo matembezi yafanywe katika miezi ya ukavu, Desemba mpaka Februari, au Juni mpaka Agosti, na hata hapo mtu avae viatu vinavyoshika ardhi, kwa kuwa udongo wa mlima ukilowa huteleza kama sabuni.

ADABU YA MGENI

La mwisho ni adabu. Sare na bunduki vibaki kambini. Ukifika kijijini mwone kwanza mwenyekiti, jitambulishe, chukua kijana wa pale akuongoze na umlipe haki yake bila kuvutana. Njia nyingi zinapita katika mashamba. Ndizi na kahawa zina wenyewe. Usimpige picha mama wa watu kabla hujamwomba ruhusa. Ukikutana na Wabenet wa sehemu za juu, wasikilize. Wamehamishwa katika ardhi yao zaidi ya mara moja kwa ajili ya hifadhi, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ilitamka kuwa wao ni wenyeji wa asili wa eneo hilo. Wengi wao humtambua mtu wa serikali kwa mwendo wake tu, hata akivaa kiraia, nao hukumbuka jinsi watu wa serikali waliotangulia walivyowatendea.

Bagisu huamkiana kwa neno mulembe, na maana yake ni amani. Askari akiamkiwa hivyo njiani, aitikie kwa neno hilo hilo, kisha apishe njia, kwa kuwa mwenyeji huenda amebeba mzigo, naye siku hiyo hana.