Viti Viwili au Vinane?

Tulidunduliza miaka miwili ili tukale wawili tu, katikati ya bahari. Jioni ya kwanza tukajikuta mezani na watu sita tusiowajua. Nani alikuwa sahihi, mimi au mume wangu?

Naomba nianze kwa kukiri, mpenzi msomaji: kosa lilikuwa langu.

Nilipokuwa najaza fomu ya safari kwenye mtandao nilikutana na swali: mngependa meza ya wawili, au meza ya pamoja na abiria wengine? Ilikuwa saa tano usiku, mtoto ana homa, kesho yake kazini nina ripoti ya kuwasilisha. Nikabonyeza ya pamoja. Nikajiambia, chakula si ni kilekile? Baba Neema sikumuuliza.

Kumbe mwenzangu alikuwa na picha yake kichwani. Mishumaa, bahari dirishani, mimi na yeye. Na wala simlaumu. Toka Neema azaliwe, nyumbani kwetu Tabata tunakula kwa zamu kama walinzi: mmoja anamlisha mtoto, mwingine anakula amesimama jikoni. Zikitokea siku za kukaa pamoja, kila mtu na simu yake. Meli hii ya kitalii, iliyolipiwa kwa kibubu na hela za mchezo, ndiyo ilikuwa iturudishe tulikotoka.

Basi, Septemba 2024, Neema tukamwacha kwa bibi yake Morogoro, sisi tukapanda meli Barcelona. Usiku saba: Marseille, Genoa, Napoli, Messina, Valletta, siku moja ya bahari tupu, halafu kurudi. Chumbani tukakuta kadi yenye jina la ukumbi wa chakula, zamu ya pili, saa mbili na nusu usiku, na namba ya meza. Tukaoga, tukavaa, jamani tukapendeza! Mhudumu akatuongoza mpaka kwenye meza ya duara. Watu sita wameshakaa, wanatuchekea.

"Hawa ni nani?" Baba Neema akaniuliza kwa Kiswahili, huku anawatabasamia.

"Wenzetu wa meza."

"Wa leo tu?"

"Wa wiki nzima."

Hakujibu. Kama una ndoa, kimya cha namna ile unakijua.

ILIANZAJE?

Ukweli ni kwamba kukalishwa na watu ndiyo mila ya zamani ya melini. Enzi za meli kubwa za kuvuka Atlantiki, ukumbi wa chakula ulikuwa kama ukumbi wa harusi: meza ndefu au za duara, saa za kula zimepangwa, unakaa ulipopangiwa. Anayetaka faragha alilipia. Hata ndani ya Titanic mwaka 1912, daraja la kwanza lilikuwa na ukumbi wa kuketisha watu zaidi ya 500, lakini pembeni kulikuwa na mgahawa mdogo ambao abiria aliagiza anachotaka na kulipa mwenyewe.

Meli za kitalii zikarithi utaratibu huo. Abiria ni wengi kuliko viti, kwa hiyo jikoni inapika zamu mbili, ya mapema na ya usiku. Unapewa meza moja ya watu wanne, sita, wanane au kumi, na mhudumu yuleyule kila siku. Faida yake unaiona siku ya tatu: mhudumu ameshajua kwamba wewe kahawa huweki sukari.

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaja na mtindo wa kula muda unaotaka na na yule unayemtaka. Washindani wake wakafuata, kila mmoja kwa jina lake, na leo kampuni nyingi zinakupa uchaguzi. Halafu ikaja Korona. Safari zilisimama Machi 2020, na meli zilipoanza kurudi, abiria wengi walikalishwa na wale tu waliosafiri nao. Wapo walioonja meza ya peke yao wakati ule na hawakutaka tena kurudi kwenye meza ya pamoja.

Faragha nayo ina ngazi zake. Kuna migahawa midogo ya kulipia juu ya nauli. Kuna meli kama Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ambamo waliolipia vyumba vya kifahari wana ukumbi wao wa chakula. Chumba ulicholala ndicho kinachoamua unakula wapi.

MBONA KWETU TUNAKULA NA WATU?

Usiku ule chumbani nilijitetea. Nikamwambia, "Baba Neema, kwenye harusi ya Tanga si ulikaa mkekani ukala pilau sinia moja na watu usiowajua hata majina? Na kwenye treni ya Kigoma, ulinisimulia mwenyewe, behewa la chakula unakaa popote penye nafasi?"

Akanijibu taratibu, "Tanga nilikwenda kwenye harusi ya watu. Hapa nimekuja na mke wangu."

Hapo alinipata. Sikuwa na la kusema.

Tukakubaliana tujaribu siku tatu, kisha tuone.

WATU WENYEWE

Mezani walikuwepo maharusi wawili kutoka Brazil, Kiingereza chao cha kuombea maji, lakini wanacheka kila kitu. Mtu na mkewe wa Kijerumani, walimu wastaafu. Kijana wa Kihindi, injinia, anayesafiri peke yake. Na bibi mmoja wa Kiingereza, mjane wa miaka 79, lulu shingoni, macho makali kama ya mwalimu wa hesabu.

Jioni ya kwanza tulizunguka mezani kujitambulisha. Ilipofika zamu yetu mume wangu akanionyesha kwa mkono, akasema, "Huyu ni mke wangu, Stella." Nikashtuka. Toka tumepata mtoto mimi ni Mama Neema: nyumbani, kanisani, hata kwenye simu yake nimeandikwa hivyo. Jina langu kutoka kinywani mwake nilikuwa sijalisikia siku nyingi, na nilijikuta nikiona aibu kama msichana.

Siwadanganyi kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu yule mzee wa Kijerumani alitusimulia upasuaji wa goti lake, hatua kwa hatua, wakati sisi tunakata nyama. Ukiwa meza ya pamoja huwezi kunyanyuka ukimaliza. Unasubiri kitindamlo cha mwenzako. Na mkiwa na neno lenu la siri, mnalimeza. Sisi tulikuwa na Kiswahili chetu, lakini kusengenyana mbele za watu kwa lugha wasiyoijua si ustaarabu, na uso unasema hata usipofasiri.

Ila bibi yule, mh! Alituambia kwa nini anaomba meza kubwa. Safari yake ya kwanza baada ya mumewe kufariki alipewa meza ya wawili, peke yake. Kila jioni mhudumu alikuja kwa heshima zote kuondoa kisu, uma na glasi ya upande wa pili. Alisema baharini hakulia, kwenye mazishi hakulia, lakini ile glasi inayoondolewa kila jioni ilimshinda.

Meza nzima ikanyamaza. Tangu hapo sikuwahi tena kudhani meza ya pamoja ni ya waliokosa nafasi.

SWALI LA BIBI

Siku hiyohiyo ya tatu, tumetoka Genoa, bibi akamgeukia mume wangu. Akamuuliza kama siku zote alitaka kuwa mhasibu.

Baba Neema akacheka. Akasema hapana. Akasema mwaka 2018 alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Norway, na ufadhili wote. Barua ilikuja wiki ileile mama mkwe wake aligundulika ana saratani. Akajibu kwamba anashukuru, lakini haji. Halafu akaomba chumvi.

Nikaweka uma chini. Mama mkwe wake ni mama yangu. Mwaka 2018 ndoa yetu ina mwaka mmoja. Nililala naye chumba kimoja, nikalia begani kwake usiku kwa usiku mpaka tukamzika mama, na sikuwahi kusikia neno Norway.

Nilitabasamu mpaka kitindamlo. Tulipofika chumbani nikafoka. "Yaani mimi mkeo nakuja kusikia habari zako kwa Kiingereza, mbele ya Wajerumani?"

Akasema, "Wewe ungejilaumu."

"Na huyo bibi je? Umemjua siku tatu!"

Akakaa kitandani, akavua viatu. "Yule bibi aliniuliza. Wewe hujawahi kuniuliza."

MEZA YA WAWILI

Asubuhi, Napoli, nilikuwa wa kwanza kwa msimamizi wa ukumbi. Nikaomba meza ya wawili. Akatupatia, kwa usiku mmoja, iliyobanwa kati ya meza nyingine mbili za wawili. Kuwa makini hapo: mara nyingi meza ya wawili melini si faragha, ni meza ndogo tu. Kiwiko changu kilikuwa karibu kugusa mkate wa jirani. Tofauti ni kwamba jirani hukulazimika kuongea naye.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko goti la Mjerumani. Tuliongelea supu. Tukaongelea homa ya Neema. Baada ya hapo, kimya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli: ndiyo picha ya mishumaa hii, na sisi ndani yake hatuna la kusema.

Nikamuuliza, "Ulitaka kwenda kusoma nini?"

Alianza kidogo kidogo. Mpaka wahudumu wanabadilisha vitambaa vya meza sisi bado tumekaa. Aliniambia barua ile aliisomea ndani ya daladala, na alishuka vituo viwili kabla ya nyumbani ili atembee. Aliniambia hajutii kubaki, anajutia kunyamaza. Mimi nikamwambia langu ambalo sikuwahi kumwambia, na hilo, msomaji wangu, nitabaki nalo. Kuna maneno ya meza ya wanane, na kuna maneno ya meza ya wawili.

Tulikula wawili Messina pia. Usiku wa Valletta, Baba Neema mwenyewe ndiye aliyesema, "Turudi kwa wazee wetu?" Walitupokea kama ndugu waliotoka hija. Viti vyetu walikuwa hawajaruhusu viondolewe.

KABLA HUJALIPIA

Kwa wewe na mwenzako mnaofikiria safari ya namna hii, nimejifunza haya:

Ulizaneni. Swali la meza linaonekana dogo kwenye fomu, lakini linauliza mnakwenda safari kutafuta nini. Ungeshangaa majibu yenu yanavyoweza kutofautiana.

Msipoipenda meza, semeni siku ya kwanza au ya pili. Msimamizi wa ukumbi amezoea, si tusi kwa mtu. Mkichelewa, nafasi zimeisha.

Mkitaka mchanganyiko, chagueni utaratibu wa muda huru, mkifika mlangoni mnasema leo wawili, kesho na watu. Ila mnaweza kusubiri, na mhudumu hatakuwa yuleyule.

Mkichagua meza ya pamoja, ombeni kubwa. Meza ya wanne mkikosana na wale wawili hakuna pa kukimbilia. Ya wanane unageukia upande wa pili.

Faragha ya bei nafuu ipo. Kifungua kinywa cha chumbani, au bafe mapema kabla ya foleni, mnakaa kona yenu. Mgahawa wa kulipia wekeni usiku mmoja tu, uwe na maana.

Na mkila na watu, adabu: fikeni kwa wakati, simu mkobani, siasa na magonjwa ya kina yasubiri.

NANI ALIKUWA SAHIHI?

Mume wangu alisema mtu akisafiri na mkewe ale na mkewe. Nami nasema bila wale sita tungekaa wawili usiku saba tukaongelea supu. Wageni walimuuliza maswali niliyoacha kumuuliza kwa kudhani majibu nayajua. Lakini majibu yenyewe yalihitaji meza ndogo, na hiyo kubwa isingetosha.

Siku hizi Ijumaa ya mwisho wa mwezi Neema analala kwa shangazi yake, sisi tunakaa kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga, meza ya plastiki, simu mkobani. Na Jumapili moja tunaalika watu, hasa jirani yetu wa ghorofani ambaye mumewe amefariki. Baba Neema ameanza kuangalia tena vyuo. Safari hii fomu tunajaza wote.

Na wewe je? Mara ya mwisho kumuuliza mwenzako swali ambalo kweli hulijui jibu lake ilikuwa lini?